Kwa Mama Nyambura, Juu ya Nungunungu na Viazi Vyangu

Ni nungunungu. Mama Nyambura, ni nungunungu aliyekula viazi vyangu, si mtoto wako, wala si wewe. Nimeliona shimo lake kwa macho yangu mawili. Nimeingiza mkono mpaka kwenye kiwiko nikatoa mfupa wa mbuzi uliotafunwa ukawa kama kijiti. Hakuna mwizi. Hakukuwa na mwizi hata siku moja.

Haya, sasa nikusalimu. Sisi hapa tuko. Mvua ilinyesha vizuri, mahindi yamebeba, na ng'ombe wangu wa gredi amezaa ndama jike ambaye hata daktari wa mifugo alisema hajaona ndama kama huyo upande huu wote wa... Unaniona? Naanza tena. Hata leo mdomo wangu unatafuta kitu cha kujisifia. Wacha niandike tu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichofundishwa kuandika, mimi na wewe, kwa ile darasa ya watu wazima, ngumbaru, na yule mwalimu Mluhya mrefu aliyekuwa anatuita "wanafunzi wangu wenye wajukuu" na hatukuwa hata na wajukuu. Wewe ulishika haraka. Mimi nilishindwa na herufi g. Nilikuwa naiandika ikiangalia nyuma, na wewe unanipiga kiwiko chini ya meza, "Geuza, geuza, hiyo g yako inaenda Timau." Kwa sababu Baba Nyambura alikuwa ameenda Timau kwa mashamba ya ngano, na kwako kila kitu kilichokupa mgongo kilikuwa kimeenda Timau. Nilicheka mpaka mwalimu akaniuliza kama ni mimi nitafundisha. Mkono huu unaoandika aibu yangu, ni wewe uliufundisha.

Nitasema yote toka mwanzo, hata yale unayoyajua kuliko mimi. Nimeyasema mara nyingi kwa njia yangu. Sasa lazima niyaseme vile yalivyokuwa.

Msimu ule viazi vyangu vilikuwa vizuri kushinda vya kila mtu, na hilo hata wewe ulikubali. Halafu vikaanza kwenda. Naamka asubuhi napata mashina matatu, manne, yamechimbwa kando, udongo umesukumwa nyuma vizuri kama mtu aliyefanya kazi yake bila haraka. Viazi vingine vimeliwa nusu. Kwenye ua, ule ulio kati yangu na wewe, chini kabisa, kulikuwa na tundu na kanjia kadogo kamekanyagwa kakawa laini. Kanjia kalitoka kwa viazi vyangu, kakapita tunduni, kakaingia kwako.

Wewe ndiye ulikuja kuniambia, "Mama Gichuki, angalia hapa. Hiki kiazi kina alama ya meno." Ulikuwa umekishika mkononi. Meno mawili mapana, kama patasi ya fundi. Ulisema, "Huyu ni mnyama wa msitu. Ule mtaro tuliochimba wakati wa taabu umejaa udongo, sasa wanavuka tu." Na ni kweli, tuliuchimba mimi na wewe, mgongo kwa mgongo, na askari wa mkoloni wamesimama juu yetu, ili watu wa msituni wasivuke. Ulijua vile unasema.

Lakini mimi nilikuwa na mtoto chuoni. Gichuki wangu alikuwa anasomea wanyama, na toka alipoenda huko mimi nilijiona kama nimesoma naye. Nilikujibu, na watu wakisikia, "Usinifundishe wanyama. Mtoto wangu anasomea hiyo. Kama ni nungunungu, miiba yake iko wapi? Nungunungu akipita mahali anarusha miiba kama mishale. Hapa hakuna hata mmoja." Ukanyamaza, kwa sababu wote tulilelewa tukiambiwa hivyo, ati nungunungu anarusha. Nikaona nimekushinda. Nilifurahi, Mama Nyambura. Nakuambia ukweli, nilifurahi kukushinda mbele ya watu.

Tena nikaongeza yangu. Nilikuwa nimeona kwamba wiki ya mbalamwezi viazi haviguswi, mwezi ukizama vinaanza tena kwenda. Nikasema, "Mnyama anaogopa mwezi? Anayeogopa kuonekana ni mtu." Akina mama wakatikisa vichwa. Nilisikika kama hakimu.

Halafu mvua ikanyesha, na asubuhi yake nikaona nyayo kwenye matope. Ndogo, na kisigino, na vidole vitano. Kama mguu wa mtoto wa miaka sita.

Wewe ulikuwa na mtoto wa miaka sita.

Hapa ndipo ninapotaka kuruka. Siruki. Niliwaita akina mama wote wa ngwatio yetu, wale wa kulimiana kwa zamu, na tukasimama pale shambani. Nikamwita Nyambura. Alikuja akikimbia, akidhani nampa kitu, kwa sababu nilizoea kumpa muwa. Nikaushika mguu wake nikauweka ndani ya ule unyayo, mbele ya wanawake kumi na zaidi, nikasema, "Oneni wenyewe." Na uliingia. Haukuingia vizuri, vidole vilikuwa vimekaa vibaya, lakini matope ni matope, na mimi niliusukuma kidogo. Hilo la kuusukuma ni mimi na Mungu tu tuliojua mpaka leo.

Mtoto alilia. Wewe ulimbeba ukaniangalia na ukasema, na sauti yako haikuwa hata juu, "Mpime na kuku wangu mguu, Mama Gichuki. Labda naye utampata." Mtu mmoja akacheka, halafu akaacha. Ukaenda.

Kamati ya ngwatio haikukaa hata kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Tulisema umemtuma mtoto kwa sababu mkono wake ni mdogo na hausikiki. Tukakutoa kwenye zamu.

Unajua sheria yetu ilivyokuwa, lakini wacha niiandike, kwa sababu hakuna aliyewahi kuiandika. Mtu akitolewa, hatukanwi, hapigwi, hatozwi kitu. Anapitwa tu. Siku ya zamu yake ikifika, majembe yanaenda kwa anayemfuata. Na kwa kuwa barabara ni moja, tulipita mbele ya mlango wako, wote, majembe mabegani, tukiimba. Wewe ulikuwa umesimama hapo na sufuria ya uji. Ulikuwa umepika uji wa ngwatio nzima. Nafikiri ulidhani tutaona haya na kuingia. Mimi ndiye niliyekuwa mbele nikianzisha wimbo, na nilipofika mlangoni kwako sikuushusha wimbo. Niliupandisha.

Baada ya hapo ulilima peke yako. Tulikuwa tunakuona toka upande wa pili wa bonde, mgongo mmoja kwenye shamba lote lile. Watoto shuleni walimtungia Nyambura jina. Sitaliandika.

Sasa kuna jambo ambalo hata Gichuki sikumwambia siku ya kwanza nilipomsimulia haya. Msimu uliofuata, nikipalilia karibu na ua, jembe langu liligonga kitu kikalia ka! Niliinama nikakiokota. Ulikuwa mwiba. Mrefu kama penseli mpya, mweusi na mweupe, mweusi na mweupe, na ncha kali. Mwiba wa nungunungu, Mama Nyambura. Pale pale kwenye kanjia.

Wewe ulikuwa bado hai. Ulikuwa upande wa pili wa ua, nilikuwa nakusikia ukikohoa. Ningeweza kuuinua tu juu ya ua ukauona. Hatua kama ishirini.

Niliuficha ndani ya kitambaa cha kichwa. Nikajiambia labda ni wa zamani. Nikajiambia labda mbwa aliuleta. Mwezi ule akina mama walikuwa wamenichagua mwenyekiti, na nilikuwa nimeshonewa gauni ya kusimamia mbele, ile ya kijani, na nikafikiri, nikiusema huu mwiba leo, nitaivaa wapi? Ni gauni, Mama Nyambura. Nilikaa kimya kwa sababu ya gauni. Ule mwiba nikaufanya sindano ya kupanulia nyuzi za kiondo, na wageni walipouliza niliutoa wapi nikasema Gichuki aliniletea kutoka chuoni.

Halafu kifua kikakushika. Walipokupeleka hospitali nilisema nitakuja kukuona Jumapili baada ya kanisa. Jumapili hukuifikia.

Nilikuja kuzika. Nilikaa mbele, kwenye viti vya wageni, na walipoita jirani aseme neno, nikasimama. Najua ulisikia. Kama wafu wanasikia kitu kimoja tu, basi ni hicho. Nilisema, "Mimi Mama Gichuki, yale yaliyopita kati yetu, nimemsamehe marehemu." Watu wakasema amina. Mchungaji alinishika mkono, akasema nina moyo mkubwa. Na mwiba ulikuwa nyumbani kwangu, kwenye kiondo, juu ya kabati.

Sijui nilikuwa mtu gani siku hiyo. Nikijiangalia naona gauni tu.

Mama yako alikuja kutoka Kiriaini akamchukua mtoto. Baba Nyambura akarudi Timau. Nyumba ikafungwa kwa waya, shamba likashikwa na nyasi, na mimi nikaendelea kuwa mwenyekiti.

Sasa nikuambie vile imejulikana. Gichuki alikuja likizo. Ungemwona! Kaki imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, buti, na picha mfukoni amesimama kando ya fuvu la nyati. Kijiji kizima kilitoka kumwangalia. Ni mtoto mzuri, Mama Nyambura, hilo si majivuno, wewe mwenyewe ulimbeba mgongoni siku ile tulipotembea mpaka Ruring'u kucheza ngoma za sikukuu, ukapoteza kiatu kimoja, na ukarudi nyumbani na kiatu kimoja na mtoto wangu mgongoni, ukisema mguu usio na kiatu ndio uliofurahi zaidi. Nilibeba nini mimi siku hiyo? Nilibeba mwavuli.

Nilitaka waone nilichozaa. Niliwaita akina mama wote alasiri, nikachinja kuku wawili, nikapanga viti kwenye nyasi, nikamwambia Gichuki awafundishe. Nilimwambia aseme habari ya simba. Akasema, "Simba hayuko hapa, mama. Wacha niwaambie juu ya wale wanaolala karibu na nyinyi." Mama Muthoni, unamjua, yule asiyeweza kukaa bila kuuliza, akauliza, "Basi tuambie nungunungu. Ni kweli anarusha miiba?"

Gichuki akacheka, lakini kwa heshima. Akasema hapana, shangazi, hakuna nungunungu aliyewahi kurusha mwiba. Miiba ni nywele zake zilizogeuka kuwa ngumu, na huanguka tu ukilegea mmoja, vile nywele zako zinavyobaki kwenye kitana. Anaweza kupita shambani kwako mwezi mzima asiache hata mmoja. Akikasirika anapiga miguu chini, anatikisa mkia, na mkia wake una miiba mitupu ndani kama mirija, inalia cha-cha-cha kama kayamba. Ukikataa kusikia, anageuka na kukujia kinyumenyume, anakudunga nayo. Hata chui amekufa kwa hiyo.

Wote wanasikiliza. Mimi najaza vikombe chai, shingo yangu imesimama. Bado sikuwa nimesikia alichosema.

Akaendelea. Ati anachimba kwa mikono ya mbele, mizizi, viazi, chochote kilicho chini. Ati ana njia yake moja na huifuata hiyo hiyo mpaka iwe laini, na hutoboa ua mahali pamoja. Ati hapendi mbalamwezi, kwa sababu anaonekana na adui, kwa hiyo mwezi ukijaa anakaa karibu na shimo lake. Ati anakusanya mifupa na kuitafuna ili meno yasizidi urefu. Ati ana mke mmoja mpaka kufa, wanalala pamoja, wanatoka pamoja, na wakizaa, mtoto anazaliwa na miiba laini ili asimuumize mama yake, na baba na mama wanamsindikiza, mmoja huku na mmoja huku, mpaka ajue njia. Hapo akina mama wakasema, "Aaa!" Walimpenda nungunungu.

Birika lilikuwa limeanza kuwa zito mkononi mwangu.

Halafu akasema, "Na ukitaka kumjua, usitafute mwiba, tafuta unyayo." Akamwaga maji kidogo chini, akakoroga udongo kwa kidole, akakunja ngumi akaigandamiza, akaongeza vidole vitano kwa ncha ya kijiti. "Huu wa nyuma. Una kisigino. Mvua ikinyesha juu yake, kucha zinafutika, na mtu asiyejua anaweza kuapa ni..."

Mama Muthoni ndiye aliyemalizia. "Ni mtoto."

Unajua vile kuku hunyamaza mwewe akipita? Hivyo. Wanawake wale wale. Mmoja wao, aliyekuwa karibu nawe siku ile, aliukunja mguu wake chini ya kiti. Gichuki alituangalia mmoja mmoja, hakujua lolote, kwa sababu nilikuwa nimemwandikia tu kwamba viazi viliibwa na mwizi akapatikana.

Na mimi? Ungetaka kusikia kwamba nilianguka nikalia. Sikulia. Nilicheka. Nilisema, "Hao watu wa vitabu! Chai inapoa." Nikawajazia vikombe vilivyokuwa bado vimejaa, ikamwagika kwenye sahani. Wakaondoka mapema, wakasema kuna mvua, na hakukuwa na wingu hata moja juu ya mlima.

Gichuki alibaki akikusanya viti. Akauliza polepole, "Mama, ni nani aliyepimwa mguu?" Alikuwa ameshaelewa. Nikamwambia. Na nilipofika pale niliposema mtoto wangu anasomea wanyama, akaweka kiti chini. "Ulitumia jina langu?" Hivyo tu. "Mama, ulitumia jina langu?" Nimepigwa na wakoloni, nimepigwa na njaa, sijawahi kupigwa hivyo. Usoni mwake niliona kwamba ananionea haya. Miaka yote hii nimewaambia watu, mwangalieni mtoto wangu. Siku hiyo yeye aliniangalia mimi.

Asubuhi tulifuata kanjia, mimi na yeye. Kalitoka kwangu kakapita kwako, ndiyo, lakini kwako hakakusimama. Kalipita mahali palipokuwa na mahindi yako, na hapo Gichuki akaniita nione: mashina ya zamani, yaliyokatwa chini, yamekauka. Mama Nyambura, alikula mahindi yako pia. Alikula yako kwanza. Ulikuwa unapoteza kama mimi, na hukumwita mtu, hukupima mguu wa mtu.

Kalishuka mpaka kwenye ule mtaro wetu wa zamani, na kwenye ukuta wake, chini ya mizizi, liko shimo. Nyayo mlangoni, nyingi, kubwa na ndogo. Ndipo nilipoingiza mkono nikatoa ule mfupa. Gichuki alinikataza, nikaingiza tu. Nilitaka kuguswa na kitu. Hakuna kilichonigusa. Hapo hapo nikamwambia juu ya mwiba wa kwenye kiondo. Akageuka akatangulia nyumbani.

Watu wamesema tumfukie nungunungu shimoni mwake. Nimekataa. Yeye hakumdanganya mtu.

Niliwaita kamati. Nilivaa kitenge cha kulimia. Nikasema ni mimi. Nilidhani watanipakia yote, na nafikiri nilitaka, maana hata katika aibu nataka kuwa wa kwanza. Mama Muthoni akanikata. "Mguu uliupima wewe. Majembe tuliyapitisha sisi wote. Kaa chini." Nikakaa. Nimeacha uenyekiti. Gauni iko sandukuni, sitaisema tena.

Halafu nikaenda Kiriaini. Nilibeba gunia la viazi, vile vikubwa, kama mjinga. Mama yako alinikaribisha ndani lakini gunia aliliacha nje. Nilipiga magoti. Nilipomaliza, akaniambia kitu kimoja, nami nakiandika vile alivyokisema. "Huyu mtoto hakanyagi udongo. Mvua ikinyesha anatembea juu ya nyasi. Akikosa nyasi anaruka jiwe kwa jiwe. Nilidhani ni mchezo. Nilipomuuliza akasema, cucu, nyanya yangu, sitaki kuacha alama."

Alikuwa amekaa pale pale, Nyambura, kwenye kigoda. Amekuwa mrefu, ana paji lako la uso. Sketi ameivuta chini mpaka imefunika miguu yote, na ameishikilia. Nilisema, "Nyambura, si wewe. Ni nungunungu." Akasema, "Nilijua si mimi." Basi. Ni mtoto wa miaka minane. Nilimpelekea habari ambayo alikuwa nayo tayari, siku zote, peke yake, na wewe.

Nikamwomba mama yako anisamehe. Akasema, "Mimi sikuwa pale. Usiniletee mimi Kiriaini jambo ulilolisema kwenu. Lisemee pale ulipolisemea, wale wale wakisikia." Na akasema atakuja, na atamleta mtoto, lakini mtoto hatalazimishwa kunisalimia. Nikasema ni haki.

Kwa hiyo imepangwa. Tunakuja kwako, ngwatio nzima. Zamu yako uliyopitwa tunailima yote, kuanzia mlangoni mpaka mtaroni, na tutapanda, na mavuno ni ya Nyambura, mwaka huu na kila mwaka mpaka ashike jembe yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na wakichoka wengine nitalima peke yangu, nijue mgongo mmoja unavyokuwa kwenye shamba lile. Baba Nyambura ameandika kwamba amepewa ruhusa Timau. Mchungaji nimemwomba asiombe kwanza. Nitasimama kando ya kaburi lako kabla jembe la kwanza halijainuliwa, na nitasema kwamba nilikusamehe kitu ambacho hukufanya. Nitasema niliusukuma mguu. Nitasema nilificha mwiba wewe ukiwa hai. Gichuki amesema atasimama nami. Nimemwambia hapana, asimame na wengine, asikie.

Naogopa, rafiki yangu. Nimesimama mbele ya watu maisha yangu yote na sijawahi kuogopa. Kama mdomo wangu utaanza kujipamba hata kidogo, nizuie huko uliko, nipige kiwiko.

Lala vizuri. Sikuombi unisamehe, si kwa barua. Wanafika saa tatu asubuhi, Mama Nyambura, wale wote wa siku ile, na mama yako, na mtoto. Ni Jumamosi hii.